Dawa Mchanganyiko za Mafua: Mwongozo wa Matumizi Salama kwa Wakazi wa Bagamoyo na Pwani ya Kaskazini

Dawa mchanganyiko za mafua ni vidonge, kapsuli au dawa za maji zenye viambato viwili au zaidi vinavyofanya kazi tofauti mwilini. Kiambato cha kwanza ni antihistamini, dawa ya jamii ya dawa za mzio inayokausha makamasi na kutuliza chafya. Cha pili ni dawa ya kuzibua pua, ambayo hubana mishipa midogo ya damu ndani ya pua ili uvimbe upungue na hewa ipite. Mara nyingi huongezwa parasetamoli ya kushusha homa na kutuliza maumivu, na wakati mwingine kafeini au dawa ya kikohozi.

Kuanzia Bunju na Mapinga hadi Kerege, Zinga, Bagamoyo mjini, Kiwangwa na Msata, dawa hizi huuzwa madukani na wengi huzinunua bila kupimwa wala kuandikiwa. Urahisi huo unamsaidia mtu asiyeweza kuacha kazi kwa ajili ya pua inayotiririka, lakini unamwachia yeye mwenyewe jukumu la kujua anachomeza. Kila kiambato ndani ya kidonge kina faida yake, kipimo chake na watu wasiofaa kukitumia. Kukitazama kila kimoja peke yake ndiyo njia ya kupata nafuu bila madhara.

1. Kuhakikisha kwamba ni mafua

Mafua husababishwa na virusi vya aina nyingi. Huanza na koo kukereketa, chafya na makamasi mepesi, kisha pua huziba na kikohozi kufuata. Kwa kawaida huisha yenyewe ndani ya siku 7 hadi 10, ingawa kikohozi kinaweza kubaki wiki mbili au zaidi. Dawa mchanganyiko haziui virusi wala hazifupishi ugonjwa. Kazi yake ni kupunguza usumbufu wakati mwili unajiponya. Antibiotiki nazo hazitibu mafua, na kuzinunua kwa ajili hiyo ni kupoteza fedha na kujenga usugu wa vimelea.

Pwani ina magonjwa yanayoweza kudhaniwa kuwa mafua. La kwanza ni malaria. Homa, kichwa kuuma na mwili kuchoka humpata mwenye malaria kama yanavyompata mwenye mafua, na parasetamoli iliyomo ndani ya dawa ya mafua hushusha homa kwa saa chache na kumpa mgonjwa matumaini ya uongo. Kwa hiyo mwenye homa apimwe malaria kwanza, hata kama pua inatiririka. Kipimo cha haraka hutoa majibu ndani ya nusu saa, na kinapatikana kwenye zahanati na vituo vya afya. Homa ya dengue, iliyowahi kulipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, nayo huanza kwa homa kali, maumivu ya viungo na maumivu nyuma ya macho. Anayeshuku dengue ajiepushe na aspirini, ibuprofeni na diklofenaki, kwa kuwa huongeza hatari ya kutokwa damu.

Kikohozi kilichofikisha wiki mbili, hasa kikiambatana na jasho la usiku au kupungua uzito, kinahitaji kupimwa kifua kikuu. Mafua yanayojirudia kila mara bila homa, yenye chafya za mfululizo na macho kuwasha, yanaweza kuwa mzio wa vumbi, wa ukungu kwenye kuta zenye unyevu au wa wanyama. Moshi wa kukaangia samaki na wa kuni jikoni nao huwasha pua na koo kwa njia inayofanana na mzio. Anayekaa kwenye moshi kutwa nzima atapata nafuu zaidi kwa kuhamisha jiko mahali penye upepo kuliko kwa kumeza kidonge kila siku.

2. Viambato na kazi zake

Antihistamini inayotumika zaidi katika dawa za mafua ni klofeniramini, ambayo wengi huijua kwa jina la piritoni. Nyingine za kundi hilo la zamani ni difenhidramini na promethazini. Zote huingia kwenye ubongo na kuleta usingizi, na zote hukausha majimaji ya mwili: makamasi, mate, machozi na jasho. Ukaushaji huo ndio unaompa mwenye mafua nafuu, na ndio huohuo unaoleta kinywa kikavu, choo kigumu, macho kutoona vizuri karibu na mkojo kutoka kwa shida. Antihistamini za kizazi kipya, kama setirizini na loratadini, huleta usingizi kidogo na zinafaa sana kwa mzio, lakini kwa sababu hazikaushi kwa nguvu, hazisaidii sana mafua ya virusi.

Dawa za kuzibua pua za kumeza ni pseudoefedrini na fenilefrini. Pseudoefedrini huzibua kweli, lakini haibani mishipa ya pua peke yake. Hubana mishipa ya mwili mzima na kuuchochea moyo. Mtumiaji anaweza kuhisi moyo kwenda mbio, mikono kutetemeka, wasiwasi na kukosa usingizi. Kwa mtu mwenye afya njema presha hupanda kidogo tu, lakini kwa mwenye presha isiyodhibitiwa ongezeko linaweza kuwa la hatari. Januari 2024 Shirika la Dawa la Ulaya lilithibitisha kuwa pseudoefedrini isitumiwe na wenye presha kali au isiyodhibitiwa wala wenye ugonjwa mkali wa figo, baada ya kuripotiwa watu wachache waliopata matatizo ya mishipa ya damu ya ubongo.

Fenilefrini ina tatizo la aina nyingine. Ikimezwa, sehemu kubwa huharibiwa tumboni na kwenye ini kabla ya kufika kwenye damu. Septemba 2023 jopo la washauri wa Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani lilikubaliana kwa kauli moja kwamba fenilefrini ya kumeza, kwa kipimo cha kawaida, haizibui pua, na Novemba 2024 mamlaka hiyo ikapendekeza iondolewe kwenye orodha ya dawa za kuzibua pua zinazouzwa bila cheti. Anayenunua kidonge chenye fenilefrini ajue kwamba nafuu anayoipata huenda inatokana na parasetamoli na antihistamini zilizomo.

Kuna pia fenilpropanolamini, iliyotumika sana zamani. Mwaka 2000 Marekani ilichukua hatua ya kuiondoa sokoni baada ya utafiti kuihusisha na kiharusi cha kuvuja damu kwenye ubongo, hasa kwa wanawake. Pakiti yoyote ya zamani yenye jina hilo isitumiwe.

3. Kununua dawa

Sehemu salama ya kununua ni famasi au Duka la Dawa Muhimu. Mpango wa maduka hayo ulianza kwa majaribio mkoani Ruvuma mwaka 2003, kisha ukasambazwa nchi nzima na kuchukua nafasi ya maduka ya dawa baridi ya zamani. Duka halali huwa na kibali kilichobandikwa mahali panapoonekana, na mtoa dawa wake amepata mafunzo. Dawa zinazouzwa na wachuuzi mnadani, stendi au ndani ya basi zisinunuliwe, kwa kuwa hakuna anayejua zimekaa juani muda gani wala zimetoka wapi.

Maduka mengi hukata ukanda wa vidonge na kumuuzia mteja vichache kulingana na fedha aliyonayo. Utaratibu huo una hatari moja kubwa: kipande kilichokatwa mara nyingi hakina jina la dawa, nguvu yake wala tarehe ya kwisha muda. Mnunuzi aombe kuonyeshwa boksi kabla ya kukatiwa, kisha aombe mambo manne yaandikwe kwenye bahasha: jina la dawa, viambato vyake kwa miligramu, kipimo na tarehe ya kwisha muda. Majina ya viambato kwenye boksi huandikwa kwa Kiingereza, lakini yanatambulika kwa urahisi. Klofeniramini huanza na herufi “chlor”, pseudoefedrini huanza na “pseudo”, fenilefrini huanza na “phenyle”, na parasetamoli huanza na “para”.

Maswali matatu yanatosha kumsaidia mtoa dawa kutoa dawa inayofaa. Je, ndani yake kuna nini? Je, inafaa kwa mwenye ugonjwa fulani au anayetumia dawa fulani? Je, inaleta usingizi? Mteja naye aseme ukweli kuhusu presha, ujauzito na dawa nyingine anazotumia, hata kama duka lina watu. Akiona haya, aombe kusogea pembeni.

Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, TMDA, iliyochukua nafasi ya mamlaka ya awali ya chakula na dawa, TFDA, mwaka 2019, ndiyo inayosajili dawa nchini. Umuhimu wa usajili ulionekana wazi mwaka 2022, pale watoto takriban 70 walipofariki nchini Gambia kwa kuharibika figo, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa nne za maji za kikohozi na mafua zilizokuwa na sumu za dietilini glikoli na etilini glikoli. Aprili 2024 Tanzania ilikuwa miongoni mwa nchi za Afrika zilizoondoa sokoni toleo moja la dawa ya maji ya watoto ya Benylin, baada ya mamlaka ya Nigeria kusema imekuta dietilini glikoli ndani yake; mtengenezaji alieleza kuwa vipimo vyake havikuikuta. Mafunzo ya matukio hayo kwa mzazi ni mawili: anunue dawa ya maji kwenye duka lenye kibali tu, na atunze boksi lenye namba ya toleo mpaka dawa iishe.

4. Kipimo na muda wa kutumia

Kipimo kilichoandikwa kwenye boksi ndicho cha kufuatwa, kwa kuwa mchanganyiko hutofautiana kati ya kampuni moja na nyingine. Takwimu zifuatazo ni mipaka ya juu ya mtu mzima mwenye afya kwa kila kiambato, ili msomaji aweze kulinganisha. Klofeniramini ni miligramu 4 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi miligramu 24 kwa saa 24. Pseudoefedrini ni miligramu 60 kila baada ya saa 4 hadi 6, isizidi miligramu 240 kwa saa 24. Parasetamoli isizidi gramu 4 kwa saa 24, yaani vidonge 8 vya miligramu 500. Mtu mwembamba sana, mwenye ugonjwa wa ini au anayekunywa pombe kila siku anahitaji kipimo kidogo zaidi.

Kosa linalotokea mara nyingi ni kurudia kiambato bila kujua. Mgonjwa humeza kapsuli ya mafua, baadaye kichwa kikiuma humeza Panadol, na usiku huongeza piritoni ili alale. Kapsuli ile tayari ilikuwa na parasetamoli na klofeniramini, kwa hiyo amemeza kila kimoja mara mbili. Parasetamoli ikizidi huharibu ini kimyakimya: siku ya kwanza mtu anaweza asihisi lolote zaidi ya kichefuchefu, na madhara makubwa hujitokeza baada ya siku mbili au tatu. Kanuni rahisi ni kutumia dawa moja tu ya mafua kwa wakati mmoja, na kabla ya kuongeza nyingine kulinganisha majina ya viambato.

Dawa ikisahauliwa, mgonjwa aendelee na dozi inayofuata bila kuiongeza maradufu. Vidonge vya kutoa dawa taratibu kwa saa 12 visivunjwe wala kutafunwa, kwa kuwa dawa yote hutoka kwa mpigo mmoja. Pseudoefedrini isimezwe karibu na muda wa kulala. Mtu asiyepata nafuu baada ya siku 5 aache kununua tena na aende kupimwa.

5. Matone na sprei za pua

Matone yenye oksimetazolini au zailometazolini hufanya kazi ndani ya dakika chache na hayaingii sana kwenye damu, hivyo huwa chaguo bora kwa baadhi ya watu. Yana sharti moja lisilo na msamaha: yasitumike zaidi ya siku 3 hadi 5. Yakizidishwa, pua hujizoeza na kuziba upya kila dawa inapoisha nguvu, na mtumiaji hujikuta akitia matone kwa miezi kwa ajili ya ugonjwa ulioletwa na matone yenyewe. Aliyefika hapo asione aibu kwenda hospitali, tiba ipo. Chupa moja itumiwe na mtu mmoja. Mwenye presha isiyodhibitiwa aulize kabla ya kutumia hata matone.

6. Wanaopaswa kuuliza kabla ya kumeza

Mwenye presha ya kupanda ndiye wa kwanza. Ugonjwa huu hauna dalili kwa watu wengi, na wapo wanaoishi nao bila kujua. Kwa hiyo mtu mwenye umri wa miaka 40 na zaidi ambaye hajawahi kupimwa apime presha kabla ya kumeza dawa yenye pseudoefedrini. Aliye kwenye dawa za presha asidhani kwamba amekingwa, kwani dawa ya kuzibua pua inaweza kupunguza nguvu za dawa hizo. Onyo hilohilo linamhusu mwenye ugonjwa wa moyo, aliyewahi kupata kiharusi, mwenye ugonjwa wa figo na mwenye tezi ya shingo inayofanya kazi kupita kiasi. Mwenye kisukari aangalie sukari yake kwa karibu zaidi, kwa kuwa pseudoefedrini inaweza kuipandisha na dawa nyingi za maji zina sukari ndani yake.

Mzee mwenye tezi dume iliyovimba yuko kwenye hatari ya mkojo kuziba kabisa, kwa kuwa antihistamini hulegeza kibofu na pseudoefedrini hubana njia ya mkojo. Mwenye presha ya macho anaweza kupata shambulio la ghafla la maumivu na kupoteza uwezo wa kuona. Wazee kwa jumla huchelewa kuondoa dawa hizi mwilini. Klofeniramini inaweza kuwafanya wachanganyikiwe, wayumbe na kuanguka usiku. Mwenye kifafa na mwenye pumu nao wapate ushauri kwanza. Kwa mwenye pumu, kifua kinachobana kinahitaji dawa ya kuvuta aliyoandikiwa, na kuchelewa kwa sababu ya kumeza dawa ya mafua kunaweza kumgharimu uhai.

Mjamzito aepuke dawa za kuzibua pua za kumeza, hasa katika miezi mitatu ya kwanza, na asitumie mchanganyiko wowote bila kuuliza kliniki. Maji ya chumvi puani na parasetamoli pekee kwa kipimo sahihi humtosha mara nyingi, na homa yoyote kwake ni sababu ya kupimwa malaria siku hiyohiyo. Anayenyonyesha ajue kwamba pseudoefedrini hupunguza maziwa, na antihistamini za kuleta usingizi zinaweza kumfanya mtoto awe mzito wa kunyonya.

7. Kazi, barabara na bahari

Usingizi wa klofeniramini haupimwi kwa hisia. Mtu anaweza kujiona yuko macho kabisa huku mikono na macho yake yakichelewa kuitikia, na uzito huo unaweza kubaki hadi asubuhi kwa aliyemeza usiku sana. Dereva wa bodaboda, wa daladala au wa lori kwenye barabara ya Dar es Salaam hadi Bagamoyo na ile ya kwenda Msata asiendeshe baada ya kumeza antihistamini ya kuleta usingizi. Fundi wa mashua anayeshika tezo na msumeno, mkata mananasi wa Kiwangwa na mwendesha mashine nao wako kwenye hatari hiyohiyo.

Mvuvi wa usiku anahitaji tahadhari ya pekee. Ndani ya ngalawa au mashua hakuna pa kuegemea, na anayesinzia anaweza kuangukia majini bila wenzake kumwona. Aliyemeza dawa ya usingizi abaki nchi kavu usiku huo, au amweleze nahodha ili apangiwe kazi isiyo ya ukingoni. Anayezamia pweza au samaki asizamie akiwa na pua iliyoziba, hata kama amemeza dawa ya kuzibua: nguvu ya dawa ikiisha akiwa chini, hewa hunaswa ndani ya sikio na kuleta maumivu au kupasua ngoma ya sikio. Abiria wa boti ya Zanzibar wakumbuke kwamba vidonge vingi vya kuzuia kichefuchefu cha safari navyo ni antihistamini; aliyemeza dawa ya mafua asubuhi asiviongeze bila kuuliza.

Jua nalo lina sehemu yake. Kwa kuwa antihistamini za zamani hupunguza jasho, mwili hupoteza njia yake kuu ya kujipoza. Wanaofanya kazi kwenye mashamba ya chumvi, ujenzini na mashambani wanywe maji mara kwa mara, wapumzike kivulini na waache kazi wakihisi kizunguzungu huku ngozi ikiwa kavu na ya moto.

8. Watoto

Dawa mchanganyiko za mafua hazijaonyesha faida kwa watoto wadogo, na madhara yake kwao ni makubwa. Mwaka 2005 nchini Marekani watoto wachanga watatu wenye umri wa miezi 6 au chini ya hapo walifariki wakiwa na kiwango kikubwa cha pseudoefedrini katika damu, na mwaka 2008 mamlaka ya nchi hiyo ikashauri zisitumiwe kwa walio chini ya miaka 2. Uingereza ilienda mbali zaidi mwaka 2009 kwa kuzuia dawa hizi kwa walio chini ya miaka 6. Mzazi wa Bagamoyo anayetaka usalama afuate mpaka huo wa miaka 6, na kwa mtoto wa miaka 6 hadi 12 apate kwanza ushauri wa mfamasia au daktari. Promethazini isipewe kabisa mtoto wa chini ya miaka 2, kwani inaweza kusimamisha pumzi. Kumpa mtoto dawa ya mafua ili alale safarini au mama afanye kazi ni jambo la hatari na lisifanywe.

Kidonge cha mtu mzima kisigawanywe kwa kukisia ili apewe mtoto. Dawa ya maji ipimwe kwa kijiko au kikombe kilichokuja na chupa. Vijiko vya nyumbani hutofautiana ukubwa, na kosa dogo kwa mtu mzima ni dozi mara mbili kwa mtoto. Mtoto anayepumua haraka, ambaye mbavu zinaingia ndani anapovuta pumzi, anayeshindwa kunyonya au mwenye degedege hahitaji dawa ya mafua. Apelekwe kituo cha afya mara moja, kwa kuwa huenda ni nimonia au malaria kali.

9. Ramadhani

Dozi zinazotakiwa kila baada ya saa 6 haziingii zote kati ya futari na daku. Futari ya saa 12 na nusu jioni na daku ya saa 10 alfajiri zina nafasi ya saa tisa na nusu katikati, muda unaotosha dozi mbili na si zaidi. Kumeza vidonge vya siku nzima kwa mpigo wakati wa futari ni kujizidishia dawa. Kwa klofeniramini, dozi moja baada ya futari huwafaa wengi. Dozi ya daku itamfanya mfungaji asinzie mchana na kuzidisha ukavu wa kinywa. Pseudoefedrini, ikihitajika, imezwe mara baada ya futari ili isivuruge usingizi. Mgonjwa aliyezidiwa ana ruhusa ya dini kula na kulipa siku hizo baadaye. Kuhusu matone ya pua wakati wa swaumu wanazuoni wana kauli tofauti, hivyo ni vyema kumuuliza sheikh.

10. Dawa na vinywaji visivyopatana nazo

Pombe ya aina yoyote, pamoja na mnazi, huongeza usingizi wa antihistamini na mzigo wa parasetamoli kwenye ini. Diazepamu, fenobabitoni ya kifafa na dawa kali za maumivu nazo huzidisha usingizi kwa kiwango kinachoweza kudhoofisha upumuaji. Amitriptilini huzidisha ukavu wa kinywa, mkojo kuziba na mapigo ya moyo. Mgonjwa wa kifua kikuu sugu anayetumia linezolidi asimeze kabisa pseudoefedrini bila idhini ya kliniki yake, kwa kuwa presha inaweza kupanda ghafla. Anayetumia dawa za sonona za kundi linalozuia kimeng’enya cha MAO asiitumie, wala ndani ya siku 14 baada ya kuziacha.

Kahawa chungu na vinywaji vya kuongeza nguvu vikichanganywa na kapsuli yenye kafeini na pseudoefedrini huleta moyo kwenda mbio na kukesha. Mirungi, mbali na kukatazwa kisheria Tanzania, ina kichocheo kinachofanya kazi kwa namna ileile ya kupandisha presha, na mirungi na pseudoefedrini kwa pamoja vinaweza kuudhuru moyo.

11. Nafuu isiyohitaji kidonge

Maji ya chumvi ndiyo tiba salama kuliko zote kwa pua iliyoziba, kwa mkubwa na mdogo. Nusu kijiko cha chai cha chumvi huyeyushwa kwenye glasi ya maji yaliyochemshwa na kupoa, kisha mtu husukutua koo au hutia matone machache puani. Maji ya kutia puani yawe yamechemshwa. Ya kisima au ya bomba moja kwa moja yasitumike. Chai ya tangawizi, supu ya moto na maji mengi hulainisha makamasi. Asali hutuliza kikohozi, lakini mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe kwa sababu inaweza kumletea ugonjwa wa botulizimu. Kujifukiza hakuzibui pua kwa muda mrefu, na sufuria ya maji ya moto imeunguza watoto wengi, wasifukizwe. Mikono ioshwe kwa sabuni na chafya izuiwe kwa kiwiko ili nyumba nzima isiambukizwe.

12. Dalili za hatari na hatua za kuchukua

Anayetumia dawa hizi aziache na kwenda hospitali haraka akipata maumivu ya kifua, kichwa kuuma ghafla kwa nguvu isiyo ya kawaida, kuona ukungu, udhaifu wa upande mmoja wa mwili, degedege, moyo kwenda ovyo, mkojo kugoma, au ngozi na macho kuwa ya manjano. Uso au ulimi kuvimba na pumzi kubana ni dalili za mzio mkali.

Mtoto aliyekunywa dawa kwa bahati mbaya anaweza kusinzia sana au, kinyume chake, kuhangaika, kuwa na mboni zilizopanuka, ngozi nyekundu kavu na mapigo ya kasi. Asitapishwe, wala asinyweshwe maziwa au mafuta. Apelekwe hospitali papo hapo pamoja na chupa au boksi la dawa, hata kama bado anacheza, kwa kuwa sumu ya parasetamoli ina dawa yake inayofanya kazi vizuri zaidi ikitolewa ndani ya saa 8.

13. Kuhifadhi na kutoa taarifa

Joto na unyevu wa pwani huharibu dawa. Vidonge vikae kwenye pakiti yake, mahali pakavu pasipozidi nyuzi joto 30, mbali na jiko, dirisha lenye jua na kiti cha gari, na juu kusikofikiwa na watoto. Chupa ya dawa ya maji iandikwe tarehe ya kufunguliwa. Dawa iliyobadilika rangi au kwisha muda irudishwe duka la dawa au kituo cha afya kwa ushauri wa kuiteketeza. Isitupwe baharini, chooni wala jalalani.

Anayepata madhara yasiyotarajiwa, au anayeshuku kuwa dawa ni bandia, aripoti kwa mtoa huduma wa afya ili taarifa ifike TMDA, akiwa na jina la dawa, namba ya toleo, jina la duka na tarehe aliyoanza kuitumia. Taarifa ya mtu mmoja, ikikutana na za wengine, ndiyo inayoiwezesha mamlaka kuondoa dawa mbaya sokoni kabla haijawadhuru wengi.